Spana za Nyeri: Vifaa vya Mkono na Magari ya Mlima Kenya

Vifaa vya mkono vya kutengenezea magari katika miji inayouzunguka Mlima Kenya, kuanzia Nyeri na Karatina hadi Nanyuki, Meru, Embu na Kerugoya, vilikuja vikiyafuata magari yenyewe. Kila gari liliingia na nati zake, na kila nati ikadai spana yake. Ndiyo sababu sanduku la fundi mkongwe huwa na spana za vipimo vitatu visivyopatana: za Whitworth za Kiingereza, za inchi za mtindo wa Kimarekani, na za milimita. Katika eneo hili kuchagua kifaa kizuri kumekuwa kwanza suala la kipimo, kisha la chuma, na mwisho la bei. Wanunuzi wengi wameanza na bei, na wakaishia kununua mara mbili.

Ufundi wa chuma ulikuwapo huku kabla ya gari. Wahunzi wa Kikuyu, aturi, walichota mchanga mweusi wenye chuma mitoni, hasa upande wa Murang'a, wakauyeyusha kwa makaa na mvukuto wa ngozi ya mbuzi, wakafua mikuki, simi, shoka na mikufu. Kazi hiyo ilirithiwa ndani ya familia, na laana ya mhunzi iliogopwa sana. Chuma cha ng'ambo kilipoanza kufika na misafara ya biashara na baadaye katika maduka ya Wahindi, kuyeyusha mchanga kulikosa maana, lakini kufua hakukukoma. Mhunzi alibadilisha malighafi tu. Akaijua tofauti ya chuma laini kinachopinda na feleji inayoshika makali, na ujuzi huo ulikuja kufaa katika gereji miongo mingi baadaye.

Waingereza walianzisha Nyeri mwaka 1902 kama kituo cha kijeshi baada ya vita dhidi ya watu wa Tetu. Reli ilifika Thika mwaka 1913, ikaendelea kupanda polepole kupitia Maragua, Sagana na Karatina, na kufikia mwaka 1931 ilikuwa imeishia Nanyuki. Mji wa Nyeri haukupata stesheni mlangoni; garimoshi lilisimama Kiganjo, kilomita kadhaa kando. Mizigo kutoka stesheni hadi mjini na mashambani ilibebwa na mikokoteni ya ng'ombe, kisha malori madogo. Walowezi wa Laikipia na wa miteremko ya mlima walikuwa na magari, lakini gereji ilikuwa mbali na barabara za udongo mwekundu hazikupitika mvua ikinyesha. Mwenye gari akalazimika kuwa fundi wa gari lake.

Gari la wakati ule lilimsaidia katika hilo. Ford Model T, lililotengenezwa kati ya 1908 na 1927 kwa idadi ya zaidi ya milioni 15, liliuzwa pamoja na vifaa vichache: spana ya kurekebisha mdomo, bisibisi, koleo, spana ya plagi. Kwa hivyo vichache sehemu kubwa ya gari iliweza kufunguliwa. Lilikuwa gari la juu, lenye mitambo inayoonekana, na chuma chake cha vanadiamu kilistahimili mashimo. Funzo lililobaki katika mashamba ya enzi hiyo ni kwamba vifaa vichache vinavyofaa hushinda sanduku lililojaa, mradi gari liwe limeundwa kufunguliwa na mwenyewe. Magari ya baadaye hayakuwa na huruma hiyo.

Waafrika waliokuja kuwa mafundi wa kwanza wa eneo hili walijifunza kwa njia mbalimbali. Misheni za Consolata, zilizofika Nyeri mwanzoni mwa karne ya ishirini, na misheni ya Kiskoti ya Tumutumu karibu na Karatina zilifundisha useremala na uashi. Serikali ikafungua chuo cha ufundi Kabete katikati ya miaka ya 1920. Wengi zaidi walijifunza kwa kuwa utingo wa lori au kwa kushikilia taa na spana kando ya fundi wa Kihindi. Mwanagenzi alianza kwa kuosha nati kwa mafuta ya taa na kuzipanga, na kwa kazi hiyo duni alipata kipaji kisichofundishwa darasani: kuitazama nati na kutaja namba yake kabla ya kuigusa.

Vita vya Pili vya Dunia ndivyo vilivyofanya spana iwe kifaa cha watu wengi. East African Army Service Corps iliandikisha na kufunza maelfu ya Waafrika kuendesha na kutunza malori yaliyokwenda Ethiopia, Madagaska na Burma. Katika jeshi kifaa kilihesabiwa, na askari aliwajibika kwa kile alichokabidhiwa. Waliorudi baada ya 1945 walikuja na malipo yao ya kuachishwa kazi, na wengine wakaungana kununua malori na mabasi. Nidhamu ya kupanga vifaa juu ya turubai kabla ya kuanza kazi na kuvihesabu baada ya kumaliza inalingana na desturi ya jeshi hilo, na bado ndiyo njia bora ya kutoacha spana ndani ya injini.

Vita hivyo hivyo viliacha kisa kimoja kinachoonyesha jinsi kifaa kinavyoweza kuzaliwa kutokana na kingine. Nanyuki kulikuwa na kambi ya wafungwa wa kivita wa Kiitaliano. Mfungwa Felice Benuzzi na wenzake Giovanni Balletto na Vincenzo Barsotti walipanga kutoroka ili wapande Mlima Kenya, kisha warudi kambini wenyewe. Hawakuwa na vifaa vya kupandia mlima. Nyundo zikageuzwa kuwa shoka za barafu, na bati la gari bovu lililotupwa, pamoja na waya wa seng'enge, likawa makucha ya kufungwa chini ya viatu. Mwezi Februari 1943 Benuzzi na Balletto walisimamisha bendera ya Italia kwenye kilele cha Lenana, mita 4,985 juu ya usawa wa bahari. Makucha yale yalishika barafu. Ni gari lisilotembea tena lililowapandisha.

Miaka kumi baadaye, katika misitu ile ile na ile ya Nyandarua, ustadi wa tupa, msumeno wa chuma na keekee ulitumiwa kwa jambo zito zaidi. Wapiganaji wa Mau Mau, waliokuwa na bunduki chache za kiwandani, walijitengenezea nyingine kwa bomba la maji, komeo la mlango, msumari ulionolewa na mpira wa tyubu ya gari uliovuta komeo mbele badala ya springi. Nyingine zilimjeruhi aliyezishika. Wakati wa Hali ya Hatari, iliyotangazwa Oktoba 1952 na kumalizika mwaka 1960, Wakikuyu, Waembu na Wameru walizuiwa kutembea bila pasi na biashara za usafiri za Waafrika zilibanwa, hivyo kizazi kizima cha wanagenzi kilikatiziwa mafunzo.

Gari lililotawala barabara za miaka hiyo lilikuwa Land Rover, la polisi, la jeshi, la mkuu wa wilaya na la mlowezi. Lilionyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1948, na mwaka huo huo Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana juu ya hesi ya pamoja ya nati na boliti. Matokeo yake ni kwamba Land Rover la kwanza lilikuwa na hesi za Kiingereza, yale yaliyofuata kuanzia 1958 yakachanganya za Kiingereza na zile mpya za inchi, na ya mwisho yakaongeza milimita hapa na pale. Gari moja, familia tatu za spana. Hapa ndipo mahali pa kukaa kidogo, kwa kuwa nati nyingi zilizoharibika katika gereji za Mlima Kenya ziliharibikia hapa.

Mfumo wa Joseph Whitworth ulipendekezwa mwaka 1841. Spana yake haikuandikwa upana wa mdomo. Iliandikwa unene wa boliti. Spana iliyochongwa "1/4W" ina mdomo wa inchi 0.525, yaani takriban milimita 13.3, ingawa boliti yenyewe ina unene wa robo inchi. Spana hiyo hiyo huwa imechongwa pia "5/16BS", kwa maana nati za hesi nyembamba za Kiingereza zilipewa kichwa kidogo kwa saizi moja. Spana za mtindo wa Kimarekani, kwa upande wao, huandikwa upana wa nati kutoka bapa hadi bapa: nusu inchi ni milimita 12.7. Na spana ya milimita 13 ni milimita 13.

Fundi mwenye spana ya 13 akiishika nati ya robo Whitworth, haiingii. Akiishika nati ya nusu inchi, inaingia na kucheza kwa sehemu tatu za kumi ya milimita. Nafasi hiyo jicho haliioni vizuri, lakini inatosha. Mdomo hausukumi tena bapa la nati, unasukuma pembe. Nati ikiwa laini na spana ikiwa ngumu, pembe zinalika, nati inakuwa mviringo, na kazi ya dakika mbili inageuka kazi ya tindo na nyundo. Kuna saizi zinazokubaliana kwa bahati njema: robo tatu ya inchi ni milimita 19.05, hivyo spana ya 19 inaifaa. Nati za magurudumu za Land Rover za zamani, inchi moja na moja ya kumi na sita, ni sawasawa na milimita 27. Fundi aliyezijua bahati hizo chache aliweza kupunguza uzito wa sanduku lake. Asiyezijua alizigundua kwa hasara ya mteja.

Spana inayorekebishwa mdomo kwa gurudumu dogo, ambayo Msweidi Johan Petter Johansson aliipatia hataza katika miaka ya 1890 na ambayo mafundi wengi huiita spana malaya, ilionekana kuwa jawabu la mkorogano huo. Siyo. Mdomo wake hulegea kadiri inavyotumika, na hugusa nati kwa pande mbili tu. Ni kifaa cha kushikilia upande wa pili wa boliti, au cha kufungulia bomba la maji nyumbani. Gereji inayoitumia kwa kila kitu hujulikana kwa nati zake.

Karibu na wakati wa uhuru Ufaransa iliingia barabarani. Peugeot 404 ilishinda mbio za magari za Safari mwaka 1963, ikazishinda tena mfululizo mwaka 1966, 1967 na 1968, na mbio hizo zilizoea kuuzunguka Mlima Kenya kwa barabara za Nanyuki, Meru na Embu, wanavijiji wakiangalia gari linalopita kwenye matope bila kuvunjika. Tangazo bora kuliko hilo halikuwezekana. Pikapu ya 404 ikawa gari la kubeba kabichi na viazi kwenda soko la Karatina, kisha gari la abiria. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliziruhusu matatu, yaani magari hayo ya abiria, kubeba abiria bila leseni za usafiri zilizotakiwa kwa mabasi, na pikapu za Peugeot zilizojengewa mabodi ya mbao na bati zikajaa barabara za Nyeri na Murang'a. Peugeot 504 ilifuata, na kwa miaka mingi safari ya haraka kati ya Nairobi na miji ya mlima ilikuwa safari ya Peugeot.

Magari haya yalikuwa ya milimita tupu. Boliti yenye unene wa milimita 8 ilikuwa na kichwa cha 13, ya 10 kichwa cha 17, na Wafaransa walipenda pia boliti ya 7 yenye kichwa cha 11. Sanduku la Whitworth halikufaa kitu. Mafundi wa kizazi hicho walianza upya, na spana za Kijerumani na Kifaransa zikawa ndizo za kutamaniwa: Gedore ya Remscheid, iliyoanzishwa mwaka 1919, na Facom ya Paris, ya mwaka 1918. Seti nzima ya spana hizo ilizidi uwezo wa mwanagenzi. Alinunua moja moja, akaanza na 13 na 17, na akazitia alama yake kwa tupa ili zisipotee kwa jirani wa gereji.

Magari ya Kijapani yalikuja na mabadiliko madogo yaliyowasumbua watu zaidi ya yale makubwa. Nayo ni ya milimita, lakini boliti ya 8 katika Toyota au Nissan kwa kawaida ina kichwa cha 12, si 13. Ya 10 ina kichwa cha 14, si 17. Ya 6 ina kichwa cha 10 kote kote, na ndiyo sababu spana ya 10 hutumika kuliko zote na hupotea kabla ya zote. Aliyehama kutoka Peugeot hadi Hilux na seti yake ya Ulaya alikuta spana yake pendwa ya 13 haina kazi na 12 na 14 hazimo.

Tofauti ya pili haionekani hata kwa namba. Parafujo nyingi za Kijapani zina msalaba unaofanana na wa Phillips, ambao hataza zake zilitolewa Marekani mwaka 1936, lakini pembe na kina chake ni tofauti. Bisibisi ya Phillips huingia, huonekana kukaa, kisha huruka nguvu ikiongezwa, na kuukwangua msalaba. Parafujo za kabureta na za madramu ya breki za Datsun na Toyota zimekufa hivyo kwa wingi. Parafujo nyingi za Kijapani hutambulika kwa nukta ndogo iliyochongwa kando ya msalaba. Bisibisi ya kiwango cha Japani huzifungua bila kelele, na huzifaa hata zile za Phillips. Katika mji ambao magari mengi ni ya Kijapani, hiyo ndiyo ya kununua kwanza. Ugumu ni kuipata, kwa kuwa maduka mengi huuza bisibisi bila kutaja kiwango.

Upande wa Meru, Hilux ilipata kazi yake maalumu. Miraa lazima ifike ikiwa mbichi, na pikapu zilizotoka Maua na Nyambene kuelekea Nairobi zilijulikana kwa mwendo wa kutisha. Gari la namna hiyo hukaguliwa mara kwa mara na kwa haraka: magurudumu, breki, springi. Nati za magurudumu za 21 hufunguliwa na kufungwa mara nyingi kiasi kwamba spana ya msalaba yenye feleji nzuri hujilipa yenyewe. Nanyuki nako, kwa sababu ya mashamba makubwa na kambi za kijeshi, Land Rover kuukuu hazijaisha, hivyo spana za inchi bado zina soko.

Neno jua kali, jina la mafundi wanaofanya kazi nje juani, lilikuwa limekwisha kuzoeleka wakati serikali, katikati ya miaka ya 1980, ilipoanza kuwajengea mafundi mabanda na kuwatambua rasmi. Shirika la Kazi Duniani lilikuwa limeielezea sekta hiyo katika ripoti yake juu ya Kenya mwaka 1972. Mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 wananchi wa Nyeri walichanga kwa harambee kujenga chuo cha ufundi cha Kimathi, ambacho mwaka 2012 kilipewa hati ya kuwa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi. Hata hivyo wengi wa mafundi waliendelea kufundwa chini ya gari, na baadaye kufanya mtihani wa serikali wa daraja la tatu, la pili na la kwanza.

Gereji ya jua kali hujitengenezea vifaa ambavyo duka haliuzi, au huviuza kwa bei isiyoshikika. Bamba la springi ya lori hukatwa na kufuliwa kuwa tindo au mtaimbo. Soketi huchomelewa kwenye nondo ndefu ili ifikie nati iliyojificha. Vipande vya chuma chenye pembe na boliti ndefu huwa kifaa cha kuvuta beringi. Bomba la maji huvikwa kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu, na hapo spana mbaya hujisema: mdomo hupanuka kama midomo ya kobe. Ubora wa vifaa hivi hutegemea mtu aliyevitengeneza anajua nini juu ya moto na maji. Tindo lililochovywa likiwa jekundu mno huvunjika na kurusha kipande, lisilochovywa hujikunja. Huu ni uhunzi ule ule wa aturi, umehamia kando ya mashine ya kuchomelea.

Biashara ya nje ilipofunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, magari yaliyotumika Japani yakaingia kwa wingi, na pamoja nayo seti za vifaa vya bei ya chini. Nyingi zimechongwa maneno ya kromu na vanadiamu. Maneno hayo hayathibitishi chochote, maana kuchonga ni rahisi kuliko kuchanganya feleji. Wanunuzi wenye uzoefu hutazama vitu vingine. Ukuta wa soketi uwe na unene ule ule pande zote. Tabaka ya kromu isiwe nene kiasi cha kufunika kingo, kwa kuwa ikibanduka hukata kidole. Reketi ikizungushwa polepole irudi kwa meno ya karibu karibu, bila kuruka. Jambo lililo bora zaidi, na halina gharama, ni kwenda dukani na boliti nzima ya 10, 12 na 14 mfukoni na kuijaribu spana pale pale. Inayocheza hurudishwa rafuni. Spana kuukuu kutoka Ulaya, zinazouzwa katika masoko ya mitumba, mara nyingi huipita mpya ya bei hiyo hiyo.

Soketi yenye pembe sita hushika nati vizuri kuliko yenye pembe kumi na mbili, hasa nati iliyokwisha kulika au kushikwa na kutu. Ya pembe kumi na mbili ina faida mahali penye nafasi finyu, kwani huingia kwa mzunguko mdogo. Mwenye gari moja la Kijapani, kwa mfano Probox linalobeba maziwa asubuhi na abiria mchana, hahitaji seti ya vipande mia. Soketi za 8, 10, 12, 14, 17 na 19 zenye pembe sita, reketi moja na mkono wa kurefusha, spana za ringi na mdomo za saizi hizo hizo, bisibisi mbili za kiwango cha Japani na moja bapa, koleo, nyundo, na spana ya 21 ya magurudumu hufanya kazi nyingi za nyumbani. Jeki peke yake haitoshi. Bila stendi mbili imara mtu hapaswi kuingia chini ya gari, na mawe au matofali yasihesabiwe kuwa stendi. Kifaa ambacho wenye magari huchelewa kununua ni spana ya kupima mkazo. Nati za magurudumu za Toyota ndogo nyingi hutakiwa kukazwa kwa takriban nyutoni-mita 103, na mtu anayesimama juu ya spana kwa mguu huzidisha mno, akanyoosha boliti ambayo itamkatikia mwenzake barabarani.

Magari ya karne hii yameongeza kompyuta, na gereji za mjini Nyeri sasa zina kifaa kidogo kinachochomekwa chini ya usukani kusoma hitilafu. Kifaa hicho hutaja sehemu, hakiifungui. Kikisema kihisi cha oksijeni kimekufa, fundi hurudi kwenye feleji: kihisi hicho kwa kawaida ni cha 22, kimeganda kwenye bomba la moshi kwa joto la miaka, na waya wake huzuia soketi ya kawaida kuingia. Maduka huuza soketi yenye mpasuo ubavuni wa kupitishia waya. Katika mabanda ya jua kali soketi ndefu ya 22 hukatwa mpasuo huo kwa grainda, kisha kingo hulainishwa kwa tupa ili zisiukate waya.